Taa Zinawaka, Njia Hakuna

Mke wangu aliniuliza kama aende kwa baba yake apumzike kidogo, nikamjibu, "Nenda." Akaniuliza, "Niende tu?" Nikasema, "Nenda tu." Nilidhani huo ndio uungwana. Akatoka na sanduku kubwa, na mpaka leo sielewi kama nilimpa ruhusa au niliachwa. Nikimpigia simu tunaulizana hali, tunajibizana nzuri, basi. Nataka arudi. Lakini utamwambiaje mtu arudi kama hujui kwanza kwamba ameondoka?

Kinachonimaliza zaidi ni kwamba baba yake ndiye fundi mwenzangu. Chuo kimetuajiri sote wawili kutunza mtandao, yeye jengo la utawala, mimi maktaba. Asubuhi hiyo tulikuwa na kazi moja tu. Majengo hayo yaliunganishwa kwa waya mmoja wa faiba, nao ulishazidiwa; tukavuta wa pili, na sasa tulitaka swichi yake na yangu, zile mashine za kuunganisha mtandao, zizichukue nyaya zote mbili kama njia moja pana. Ni kazi ndogo, nimeshaifanya huku natafuna karanga.

Nilichuchumaa mbele ya kabati la mitambo, kompyuta mapajani, simu sikioni. Nikaandika maelekezo upande wangu, mzee akaandika upande wake. Taa za nyaya zote mbili zikawaka kijani. Njia haikuja.

"Baba, kwako kukoje?"

"Kwangu kuzuri, mwanangu. Kwako je?"

"Kwangu naona kuzuri pia. Ila sisemi kwamba tatizo liko kwako, baba."

"Wala mimi sisemi liko kwako."

Tukakaa hivyo, watu wazima wawili, kila mmoja anaogopa kumkosea mwenzake. Mkwe ni mkwe hata mtandao ukifa. Nikabadilisha nyaya. Nikazima, nikawasha. Nikalinganisha kasi, sawa. Nikakagua matundu ya kuchomekea nyaya, nikayakagua upya, sawa. Taa zinanikodolea macho, na mashine inashikilia kwamba hakuna njia. Mkutubi akaja kuuliza wasomaji wake watapata mtandao lini. Nikamwambia sasa hivi, kwa sauti ya mtu asiyejua hata leo ni siku gani. Akachungulia kabatini.

"Si hizo zinawaka?"

Nilitamani kumrushia koleo.

Na katika kichwa hichohicho kilichojaa nyaya, mke wangu naye yumo. Hivi mzee anajua? Kama anajua, mbona hasemi? Au anangoja niombe radhi? Radhi ya nini sasa? Hata lile "mwanangu" lake leo nililiona lina upole kupita kiasi, na upole huo ulinitisha.

"Baba," nikasema mwishowe, "hebu nisomee ulichoandika, neno kwa neno."

Akasoma. Namba ya kundi la nyaya hizo mbili, sawa. Matundu, sawa. "Na hapa nimeiwekea isubiri."

"Isubiri?"

"Eee. Nikasema wewe ndiye kijana wa mambo haya, acha uanze, yangu iitikie."

Swichi ukiiambia ianze, inamtumia mwenzake salamu. Ukiiambia isubiri, inaitikia tu ikisalimiwa. Nikatazama kioo cha kompyuta yangu. Na mimi nilikuwa nimeandika isubiri, bila hata kufikiri. Ningemtanguliaje baba wa mke wangu?

Nikalifuta neno hilo, nikaandika ianze. Kidogo hivi, njia ikaja.

"Imekuja!" mzee akashangilia. "Umefanya nini?"

"Nimeanza mimi, baba." Na ulimi ulivyokwisha kufunguka, ukaendelea bila kuniuliza. "Baba, sijui kama binti yako ameniacha. Nangoja wewe uniulize, nangoja yeye aseme, wote mko kimya. Kama nimekosea sijui nimekosea wapi. Lakini namtaka mke wangu."



"Mwanangu," mzee akasema polepole, "mikono yangu ilikuwa imejaa nyaya, simu nikaiweka mezani, kwa spika. Na huyu ndio kwanza ameniletea chakula."

Sikuelewa huyu ni nani. Au nilielewa, nikakataa.

"Hayo unamwambia baba?" Ilikuwa sauti ya mke wangu. "Niambie mimi."

Nikajikaza kisabuni, nikafungua mdomo, nikamuuliza kama amekula.

Hakukata simu. Nikamsikia baba yake akisogeza kiti, akitoka, akifunga mlango.

"Rudi nyumbani," nikasema. Kisha nikasema tena, maana sikuwa na hakika kama mara ya kwanza nilitoa sauti.