Chini ya Salamu

Shangazi aliifuta mikono kwenye aproni, akaitazama, kisha akaifuta tena. Vitufe vya ile kompyuta vilikuwa vyeupe pe, na mikono yake ilikuwa imeshinda kwenye vitunguu tangu alfajiri. Mashine yenyewe ilikaa pembeni mwa stoo, juu ya meza iliyokuwa zamani ikibeba magunia ya unga, na kila jioni aliifunika kwa kitambaa safi, kama afunikavyo mikate isipigwe na vumbi.

"Kaa basi, wifi," mke wa kaka yake alisema akiwa mlangoni. "Haing'ati."

"Nani kasema inang'ata? Nenda kaangalie wali."

Wifi yake akacheka, akarudi jikoni. Shuleni hapo kila mtu alimwita Shangazi, kuanzia mwalimu mkuu mpaka watoto wasiofika kidirishani bila kusimama kwa ncha za vidole, ingawa wenye haki hasa ya jina hilo walikuwa watoto wa huyo wifi peke yao. Ni Shangazi aliyemleta wifi jikoni, kaka yake alipoanza kuugua. Alimfundisha kushika kisu kikubwa, kupima chumvi kwa kiganja, kunusa sufuria kabla haijaungua. Na sasa ilikuwa Ijumaa, siku ya kuamuliwa nani kati yao abaki na funguo za stoo.

Mwalimu mkuu alikuwa amelisema jambo hilo kwa upole, macho yake kwenye dari. Kuanzia muhula huu mambo yote ya jiko yatapitia kwenye barua pepe: maagizo ya mboga, idadi ya walaji, taarifa za ofisi, kila kitu. Mwalimu wa kompyuta angewafundisha mchana kwa wiki nzima, wao na wafanyakazi wengine wa shule, na mwisho wa wiki yule kati yao wawili anayeiweza mashine ndiye angeongoza jiko. Mwingine angemsaidia. Hakuna anayefukuzwa, alisema, na Shangazi akaelewa kwamba asiyefukuzwa ni yeye.

Wifi yake aliyapokea mafunzo kama anayekunywa maji. Siku ya kwanza alikishika kipanya akasema maisha yake yote jikoni amefukuza panya, leo anaambiwa amshike mkono, na darasa zima likaangua kicheko. Siku ya pili tayari alikuwa akiandika. Shangazi alikaa nyuma akitikisa kichwa kwa kukubali. Kuuliza si ujinga, mwalimu wa kompyuta aliwakumbusha kila mchana, na kila mchana Shangazi alijibu kwamba ameelewa. Angeulizaje mbele ya mtu ambaye ni yeye mwenyewe aliyemfundisha kumenya viazi?

Ndiyo maana asubuhi hiyo alikuwa peke yake stoo, watoto wakiwa bado madarasani. Aliiwasha mashine kama alivyoona wenzake wakifanya, akangoja, akabofya. Ujumbe mpya ulikuwepo, umeandikwa kwa herufi nzito nyeusi, na jina la muuguzi wa shule mbele yake. Akabofya tena. Ukafunguka.

"Ndugu zetu wa jikoni, salaam sana. Ni matumaini yangu mmeamka salama, na wote mliowaacha nyumbani hawajambo. Huku zahanati sisi tu wazima. Poleni kwa kazi kubwa mnayoifanya kila siku. Sisi wengine tunawatibu watoto wakishaumwa, lakini ninyi ndio mnaowazuia wasiumwe, na sijui kama kuna mtu amewahi kuwaambia hivyo."

Maneno yaliishia hapo, kwenye ukingo wa chini wa kioo, kwa nukta. Shangazi aliyasoma mara mbili, midomo ikimcheza. Miaka yote aliyokaa jikoni, ofisi zililikumbuka jiko wali ulipoungua au chai ilipochelewa. Leo mtu ameketi, ameandika, anawasalimu tu.

Na salamu hujibiwa. Hilo halikuhitaji mwalimu wa kompyuta. Alikitafuta kitufe cha kujibu mpaka akakipata, akaanza kudonoa herufi mojamoja kwa kidole cha shahada, akikosea, akifuta, akianza upya. "Sisi hatujambo. Ujumbe wako tumeupokea kwa mikono miwili. Kazi tumeizoea, usiwe na wasiwasi wowote. Ni sisi, Jikoni." Akabofya pa kutuma. Barua ikatoweka, na yeye akabaki amekaa palepale kama mzazi aliyetoka kumwoza binti.

Alitamani kumwita wifi yake aje aone. Akajizuia. Mwalimu mkuu alikuwa ameahidi kuja kula nao mchana, basi angemwambia mbele ya watu, kwa utaratibu, kama jambo la kawaida. Alirudi kwenye sufuria akiimba chini chini. Mchuzi wa siku hiyo uliwekwa karanga za kusaga, na alizikoroga mwenyewe mpaka ukawa mzito na laini, akauonja, akaongeza chumvi kidogo. Wifi yake alimtupia jicho akamuuliza ameota nini usiku. Shangazi akamwambia afunike wali.

Kengele ikalia, watoto wakapanga mstari. Wifi yake alisimama kidirishani na upawa, sahani zikawa zinapita. Kila kitu kilipokwenda sawa, Shangazi alisema anakwenda kuongeza chumvi ya mezani, akaingia stoo. Ukweli ni kwamba alitaka kuitazama tena ile salamu, mara moja tu, kama mtu anavyochungulia mtoto aliyelala.

Aliifungua. Akaona amekiacha kipanya na alama ya mafuta, akakifuta kwa pindo la aproni, na hapo kile kigurudumu cha mgongoni kikazunguka chini ya kidole chake. Salamu zote zikapanda juu, zikapotea. Alidhani ameiharibu mashine. Kisha akaona kwamba chini ya salamu kulikuwa na maneno mengine.

"Kubwa lililonifanya niandike ni msichana mgeni wa darasa la pili anayeanza leo, mwenye miwani ya fremu nyekundu. Tafadhali asipewe chakula chochote chenye karanga, hata tone. Koo huvimba na pumzi hukatika. Naomba mnijibu ili nijue mmepata. Nisipopata jibu nitakuja mwenyewe kabla ya chakula."

Chumvi hakuichukua. Alitoka mbio, akapita kidirishani, akapita katikati ya meza, akatafuta rangi nyekundu. Msichana alikuwa ameketi peke yake mwishoni mwa benchi, mgeni asiye na rafiki bado, na kijiko kilikuwa mkononi. Shangazi alikipokonya. Alikuwa amechelewa. Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kujaa, na mkono mmoja ulikuwa shingoni.

"Mwiteni muuguzi," alisema, na sauti iliyozoea kunyamazisha bwalo zima ikatoka nyembamba mno.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Muuguzi alikuja na sindano, akamdunga mtoto pajani, akambeba hadi kwenye gari la mwalimu wa michezo, wakaondoka kwenda hospitali. Shangazi alisimama na kijiko mkononi. Watoto walipelekwa madarasani mapema, na sahani zao nyingi zikabaki zimejaa.

Mwalimu mkuu alikuja jikoni, akaufunga mlango nyuma yake. Alisema muuguzi amemweleza jambo moja akiwa anaingia garini, kwamba aliandika asubuhi, na jiko likamjibu asiwe na wasiwasi wowote. Kisha akageuka. Hakumgeukia Shangazi. Alimgeukia wifi yake, maana kila mtu alijua nani kati ya wale wawili anayeweza kutuma barua pepe.

"Nakuuliza wewe," alisema. "Ulisoma, ukajibu, ukampakulia?"

Wifi yake aliutazama mlango wa stoo. Asubuhi yote hakuigusa mashine, na alijua nani aliyetoka stoo akiimba. Angeweza kusema. Aliuangalia upawa mikononi mwake na hakusema, na Shangazi akaelewa kwamba mwanamke huyu alikuwa tayari kulibeba lile jambo, kwa ajili ya siku aliyoshikwa mkono na kuletwa hapa.

Kunyamaza kungetosha. Kungechukua pumzi moja tu, na funguo zingebaki kiunoni mwake. Hatuwezi kusema hakutaka. Alitaka, kwa moyo wake wote, na moyo huohuo ukamkatalia.

"Ni mimi," alisema. "Nilisoma salamu, nikadhani barua imeisha."

Mwalimu mkuu akamgeukia yeye. "Wiki nzima umefundishwa. Kwa nini hukuuliza?"

"Niliona aibu, mwalimu."

Alizifungua funguo kiunoni, akaziweka mezani karibu na wifi yake, kati ya kisu na maganda ya vitunguu. Mwalimu mkuu alizitazama pia. Alisema pole, hakusema ni kwa nani, akatoka. Hakumwambia Shangazi azichukue tena.

Mchana ukawa mrefu. Waliosha masufuria, wakamwaga mchuzi wote, wakasugua meza zilizokuwa safi. Simu ya muuguzi iliita bila kupokelewa. Ofisini nako hakuna aliyejua lolote. Shangazi alianza kusugua sufuria aliyokwisha kuisugua, na wifi yake akaiondoa mikononi mwake taratibu.

"Twende ukamwandikie muuguzi. Barua pepe huzipata hata kwenye simu yake."

"Andika wewe. Mkubwa wa jiko sasa ni wewe."

"Jibu ulilitoa wewe, wifi. Swali nalo litoe wewe."

Walikwenda stoo. Shangazi alikaa, wifi yake akasimama nyuma yake asiguse kitu. Vidole vilianza kutafuta herufi za salamu, kwa mazoea, kisha vikasimama. Shangazi hakuwahi maishani kumsemesha mtu aliyemzidi cheo bila kwanza kumjulia hali, na hata mwizi akigonga mlango huulizwa hodi ya nani. Akaandika: "Mtoto anaendeleaje?" Maneno yalikaa peke yao kwenye ule weupe, yako uchi. Akayatuma hivyohivyo.

Wakangoja. Wifi yake alikaa juu ya gunia la mchele, akasimama, akakaa tena. Aliuliza kama mtandao upo, akajijibu mwenyewe kwamba upo. Nje mfagiaji alikuwa akiburuta ndoo uani.

Mstari mweusi ukatokea. Shangazi aliubofya na akasoma kwa sauti kila neno kama lilivyokuja.

"Anapumua vizuri. Amelala. Mama yake yuko naye. Salamu baadaye."

Nyuma yake wifi yake alishusha pumzi ndefu, kisha akajifunika uso kwa kanga na kulia. Shangazi hakugeuka. Alikuwa ameweka kidole kwenye kigurudumu, na ukurasa ulikuwa unapanda: maneno yakapita, jina la muuguzi likapita, ukaja weupe mtupu. Aliendelea kushuka nao polepole, macho hayabanduki kwenye kioo, mpaka ukurasa ukagoma. Hakuna kilichokuwapo hapo chini. Kidole hakukiondoa.