Msemaji wa Tatu

Watu walimcheka Nangila tangu akiwa chuoni. "Kamusi ya Kiswahili cha Nakuru? Kwani hicho nacho ni Kiswahili?" Hakugombana nao. Babu yake alitoka Bungoma kuja kufanya kazi ya reli, na Kiswahili alichozungumza na majirani zake Wakikuyu, Wajaluo na Wakalenjin kwenye nyumba za reli hakikuwa kimeandikwa popote. Nangila aliapa kukiandika, na alipokuwa daktari wa isimu, mtu wa kuhesabisha kompyuta maneno, akaanza.

Alizunguka peke yake na rekoda ndogo. Alikaa na wavuvi wa Kamere, na wachoma nyama wa Kikopey, na wakulima wa viazi kule Keringet, akawaacha waongee wapendavyo. Akirudi ofisini Nakuru, mwenzake Kinyanjui, fundi wa programu, aliilisha mashine sauti zile. Mashine iliandika kila neno na kuonyesha nani amelisema: Msemaji wa Kwanza alikuwa Nangila mwenyewe, na Msemaji wa Pili mwenyeji wake. Humo ndimo kamusi ilimotungwa, neno baada ya neno, kwa miaka mingi.

Asubuhi moja Kinyanjui akamwita. "Daktari, ulipoenda Kamere kwa yule mzee Ogola, mlikuwa wangapi?"

"Wawili tu. Mimi na yeye, kando ya mtumbwi wake."

"Basi soma hapa."

Ogola alikuwa akisimulia upepo wa alasiri unaowasumbua wavuvi ziwani. *Tulikuwa na jina lake*, alisema, *tulikuwa tunauita... aah, limenitoka*. Kisha kimya. Na chini ya kimya hicho mashine ilikuwa imeandika: *Msemaji wa Tatu: Kivunjakasia.*

"Mashine imeota," Nangila akasema.

"Nilidhani hivyo pia. Halafu nikaona Kikopey."

Kule Kikopey mchoma nyama alikuwa amesahau jina la kipande ambacho mkataji hujikatia mwenyewe kabla ya kumpelekea mteja sahani. Msemaji wa Tatu akamsaidia: *Haki ya kisu.* Keringet, mama mmoja aitwaye Cheruto alikuwa akitafuta neno la ule weupe unaolala juu ya majani ya viazi na kuyaunguza. Watoto siku hizi husema *frost* tu, alilalamika. Mama yake alikuwa na neno zuri. Msemaji wa Tatu: *Majivu baridi.* Popote mtu alipokwama, neno lilikuwapo.

Kinyanjui akaongeza sauti, akampa Nangila hedifoni. Ndani ya kile kimya, karibu kabisa na kinasa sauti, mtu alisema polepole: *Kivunjakasia.* Sauti haikuwa ya kiume wala ya kike. Nangila hakumjua. Kilichomsimamisha nywele ni kwamba baada ya neno hakusikia pumzi.

"Nimepima sauti zote," Kinyanjui akasema. "Ni mtu mmoja, Kamere, Kikopey na Keringet. Na si wewe, maana wewe ndiye niliyekupima kwanza." Alikuwa amesikiliza kabla yake. Hakusema amemsikia nani, lakini tangu siku hiyo hakuvaa tena hedifoni. Alisoma maandishi tu.

Sasa Nangila alikuwa na shida ya kikazi, nayo akaishika kwa mikono miwili, kwa sababu shida ya kikazi ilikuwa afadhali kuliko ile nyingine. Maneno yalikuwa mazuri. Yalistahili kamusi. Lakini kanuni aliyoilinda miaka yote ilikuwa moja: neno la mtu haliandikwi bila ruhusa yake. Akachukua gari akateremka Kamere.

Ogola alikuwa anashona wavu. Akavaa hedifoni huku akicheka, kisha kicheko kikamwisha. Akavua kofia.

"Huyo ni ndugu yangu," akasema. "Mdogo wangu. Yule aliyeuawa na kiboko hapo mbele."

"Una hakika, mzee?"

"Nimelala naye kitanda kimoja utoto wote, unaniuliza kama nina hakika? Rudia."

Nangila akarudia. Akarudia tena na tena mpaka aliposhindwa kumtazama mzee usoni.

Hakulala vizuri. Kesho yake akapanda Keringet, ukungu ukiwa umeketi mashambani. Cheruto alimkaribisha uani, akafuta kiti kwa leso. Nangila alitaka kujua jambo moja, kwa hiyo hakumchezea sauti iliyonaswa pale kwake. Alimchezea ile ya Kamere.

Cheruto akafumba macho. "Mama," akasema. Halafu akauliza kwa mshangao, "Na kasia mama alilijulia wapi? Hajawahi kuona ziwa."

Nangila akaizima ile sauti. Akamweleza yote: mashine, Ogola, kamusi, ruhusa. Alitarajia mama yule aombe mchungaji aitwe. Cheruto alisikiliza tu, akitikisa kichwa.

"Wewe hukumsikia wako?" akauliza.

"Wazazi wangu wako hai, mama. Mume wangu yuko hai. Babu alikufa kabla sijazaliwa. Bado sina wa kumlilia."

"Basi shukuru Mungu. Na kama unataka ruhusa, msichana wangu, mbona unatuuliza sisi? Muulize mwenyewe."

Ilikuwa saa nane mchana, kuku wakichakura miguuni pao. Nangila aliweka rekoda juu ya gunia la viazi, akaiwasha, akajiona mjinga. Hata hivyo akatamka maneno aliyomwambia kila mtu aliyewahi kumrekodi: yeye ni nani, anatafuta nini, na kwamba msemaji ana haki ya kukataa. "Naomba ruhusa yako niandike maneno yako," akamaliza. Wakasubiri. Hakuna aliyejibu. Ukungu ulisogea, ng'ombe akalia mbali. Akazima.

Kisha wakasikiliza wote wawili, kila mmoja ameshika upande wake wa hedifoni.

*Andika, Nangila,* sauti ikasema. *Hayo maneno hayana mwenyewe.*

"Umesikia?" Cheruto akasema, machozi yakimtiririka. "Ni mama, nilikuambia."

Nangila alikuwa ameshainuka. Hakuwa amemsikia mgeni yule wa siku zote. Alikuwa amemsikia Jerry, mume wake. Jerry anayeivuta ile silabi ya katikati, *Nangiila*, kama anavyomwita akiwa bafuni amesahau taulo.

Pale uani hakukuwa na mtandao. Alipanda mteremko akikimbia, viatu vikijaa matope, simu juu kama mtu anayeomba mvua. Ikaita. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Niaje, Nangi?"

Akakaa chini kwenye majani yenye maji. "Uko wapi?"

"Niko soko, nachagua nyanya. Kwani?"

"Sema jina langu. Lote."

"Umeanza vituko? Nangiila."

Ilikuwa ileile, haikuzidi wala kupungua. Tofauti ni kwamba hii ilikuwa na pumzi.

"Uko sawa, lakini?" Nangila akauliza.

"Mimi niko sawa kabisa. Wewe ndiye mgonjwa. Rudi nyumbani."

Alirudi. Wiki hiyohiyo alimburuta Jerry hospitalini, akapimwa moyo, damu na kichwa. Daktari akasema angependa wagonjwa wake wote wawe hivyo. Jerry alilitania jambo hilo kwa marafiki, na Nangila hakumwambia kilichomsukuma. Angeanzia wapi?

Kamusi ilitoka mwaka uliofuata, na maneno yale yamo. Palipopaswa kuandikwa jina la msemaji, aliandika: *Ameruhusu mwenyewe.* Wasomaji waliipenda. Siku hizi hata Kikopey ukisimama utasikia wateja wakiwatania wakataji kuhusu haki ya kisu. Nangila amealikwa nchi kadhaa kuzungumza juu ya kazi yake, naye huenda, lakini hajarekodi mtu tena. Rekoda alimwachia Kinyanjui, na Kinyanjui akaifungia kabatini.

Jerry ni mzima. Amenenepa kidogo.

Juzi walikuwa wanakunywa chai asubuhi, jua likiingia dirishani. "Nipitishie kile..." Jerry akaanza, akiuzungusha mkono hewani, "kile cha kuondoa majani ya chai, kinaitwa..."

"Kichungi!" Nangila akasema kabla kimya hakijaingia, kwa sauti kubwa hivi kwamba kikombe kilimponyoka, kikavunjika.

Jerry akamtazama. "Nangi, siku hizi hunipi hata nafasi ya kufikiria."

"Ni kichungi," akarudia. "Kichungi. Sema."

"Kichungi," Jerry akasema taratibu, akiendelea kumtazama. Hapo ndipo Nangila alipoinama kuokota vipande.