Nyumba Ni

Fundi viatu hakuwa na televisheni, hakuwa na jino moja la mbele, hakuwa na mke tangu miaka thelathini iliyopita, na hakuwa na mtu wa kumuuliza jioni ameshindaje. Cheti alikuwa nacho. Alikipata kwenye masomo ya watu wazima, akakitundika karakanani juu ya rafu ya soli. Habari za binti yake hakuwa nazo. Barua yake ya mwisho, miaka mitatu nyuma, ilisema: "Baba, nataka kuja nyumba ni." Fundi alichukua kalamu nyekundu, akaandika pembeni, "Nyumba ni nini? Neno moja: nyumbani," akamrudishia kwa posta. Hakujibiwa.

Jumamosi moja alikwenda maktaba kurudisha kamusi. Mkutubi, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa akipanga viti mbele ya kitambaa cheupe.

"Mzee wangu, kaa utazame filamu. Za Kijapani, za zamani."

"Ngumi hizo mama, umri umenipita."

"Hakuna ngumi. Hakuna hata kofi."

"Sasa wanafanya nini?"

"Wanakunywa chai. Binti anaolewa."

"Masaa mawili mazima?"

"Na dakika kumi. Kaa bwana, au unaogopa chai?"

Alikaa. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, na kamera ilikuwa imewekwa chini, kimo cha mtu aliyeketi sakafuni. Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda maisha yake yote, na sasa kwa mara ya kwanza mtu alimwonyesha dunia kutoka pale anapokaa yeye. Watu waliingia, wakavua viatu, wakasema mambo madogo, wakatoka. Kamera haikuwafuata. Ilibaki na chumba kitupu, birika na mlango, kana kwamba nyumba nayo ilikuwa na zamu yake ya kuzungumza. Kumbe kuna watu waliojua kutazama namna hiyo, na yeye hakuwa na habari.

Aliona pia, kwa jicho la kazi, kwamba kisigino cha kiatu cha baba wa kwenye filamu kilikuwa kinabanduka.

Jumatatu asubuhi viatu hivyo vilikuwa kwenye kizingiti cha karakana. Ngozi ilikuwa ya kijivu, soli ya kijivu, kamba za kijivu. Alipiga misumari minne, akavirudisha kizingitini, na jioni havikuwepo. Jumamosi ilionyeshwa filamu ileile, na baba alitembea bila kugonga.

"Umekaza kisigino," mkutubi alimnong'oneza.

"Kilikuwa kinanikera."

Zikaja kandambili za shangazi wa filamuni, vikaja viatu vya mjomba mlevi. Wiki ya sita vilikuja viatu vya shule vya msichana. Fundi aligeuza kimoja akaona mshono wake mwenyewe, wa enzi zile hajajua kuficha fundo. Alivishona asubuhi ileile aliyomwambia binti yake kwamba shule basi: mama amekufa, nyumba inataka mtu, na baba anaanza masomo. Hapakuwa na cha kutengeneza. Havikuwa vimechakaa. Aliviweka kizingitini, na jioni vilikuwa bado vipo.

Jumamosi binti yake alikuwa ndani ya filamu, miaka kumi na mitatu, akiongea Kijapani safi. Alivuka chumba amebeba sinia lililofunikwa, akapiga magoti karibu na baba aliyekuwa akisoma. Maandishi ya chini yalisema: *Baba, chakula kinapoa.* Baba alifunua ukurasa. Binti akaweka sinia, akatoka, na kamera ikabaki na sinia, kitabu, na mgongo wa baba. Shati lile fundi alikuwa nalo bado. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kuona maishani, na ndani yake yeye mwenyewe hakuinua macho.

"Mtoto ana adabu huyo," alisema mama mmoja kiti cha nyuma.

"Ana adabu," fundi akajibu. "Na kichwa alikuwa nacho."

Alirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena. Binti alikuwa bado na miaka kumi na mitatu. Chakula kilikuwa bado kinapoa.

Jumatatu alikaa kwenye kigoda, viatu vya shule mbele yake, akaandika barua kwa mwandiko uliompatia cheti. Alieleza filamu, mshono na sinia. Hakujitetea. Mwisho aliandika: "Njoo nyumba ni."

Aliyasoma yale maneno mawili. Kati yao palikuwa na nafasi ya mtu mmoja kuketi. Kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni, akaiacha humohumo. Alilamba gundi, akaifunga bahasha, akavuka barabara na kuitumbukiza kwenye sanduku la posta.