Bi Mkubwa na Bi Mdogo

Kompyuta ya Mama Violeth ilikuwa imeanza ukaidi, na ukaidi wenyewe ulichagua wiki mbaya. Kila alipofungua sauti ya marehemu mumewe, Maximilian alitamka maneno machache tu, halafu mashine ikaganda, na ndani ya kasha kukasikika kitu kinagonga. Mlio ule Mama Violeth hakuupenda hata kidogo.

Maximilian alikuwa ameirekodi slufay, baraka ya mzazi kwa Kiiraqw, alipojua kwamba ugonjwa hautamruhusu kuiona harusi ya binti yake. Sasa harusi ilikuwa Jumamosi, kule Nangwa, na wageni walishaambiwa kwamba baba wa bibi harusi atabariki kwa sauti yake mwenyewe. Kuihamishia kwenye flashi kulishindikana. Mashine ilikwama njiani kila mara.

Nje ya duka lake la steshenari, hapo Katesh, wingu lilikuwa limeumeza mlima wote. Barabara ya Dongobesh haikupitika, kwa hiyo fundi Hatibu, aliyekuwa huko, alipatikana kwa simu tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hatibu, hii mashine itaniaibisha mbele za watu."

"Tulia, mama. Humo ndani mna diski mbili kwenye waya mmoja. Moja inatakiwa iwe ya kwanza, ndiyo inayowasha mashine. Nyingine iwe ya pili, ya kusaidia. Ile niliyokuongezea ilitoka kwenye mashine nyingine, ina Windows yake, na kile kipini chake kidogo cha kuipangia nafasi nadhani nilisahau kukihamisha. Kwa hiyo zote mbili zinajiona za kwanza. Mashine haijui imsikilize nani, lazima iwe nzito."

Hatibu alilelewa kwenye nyumba ya wake wawili, na diski alizipa majina ya nyumbani kwao. Hakuwahi kufikiri kwamba yanaweza kumpotosha mtu.

"Sasa sikiliza," akasema. "Bi mkubwa ndiye mwenye sauti ya mzee. Huyo usimguse. Bi mdogo msogezee kipini akae nafasi ya pili, halafu weka ile CD niliyokuachia, umfute mpaka asibaki na chembe. Usimfute juu juu, Windows yake ndiyo inaleta ugomvi."

"Bi mkubwa nisimguse, bi mdogo nimfute."

"Hapo hapo, mama."

Maskini Mama Violeth! Kwao Endasak alikuwa binti wa katekista, nyumba ya mke mmoja, na mkubwa kwake alikuwa mkubwa, basi. Alizima umeme, akafungua kasha, akasoma vibandiko. Diski moja iliandikwa GB 40, nyingine GB 500. Mdogo alikuwa nani hapo, jamani? Hata mtoto wa chekechea asingeuliza. Alisogeza kipini cha ile ya 40 kwa kibanio cha nyusi, akaweka CD, akaichagua, akabonyeza.

Mstari wa buluu ulitambaa kwenye kioo taratibu sana. Diski iligonga, ikanyamaza, ikagonga tena. Moyo wake ulikuwa mzito bila sababu aliyoijua, na mara mbili alinyoosha mkono kutaka kuisimamisha. Lakini fundi alishasema asibakize chembe. Akaurudisha mkono mapajani.

Mashine ilipowaka tena, iliwaka upesi ajabu. Haikusita wala haikugonga. Mama Violeth alicheka peke yake, akapiga simu.

"Hatibu, Mungu akubariki! Inakimbia!"

"Bi mdogo umemfuta wote?"

"Wote. Yule wa arobaini ameisha kabisa. Kabaki mkubwa, wa mia tano."

Hatibu aliuliza tena namba ile, akaambiwa arobaini.

"Mama," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini, "bi mdogo ni yule aliyekuja nyuma. Mia tano ndiye bi mdogo."

Mama Violeth alikuwa bado ameshika simu sikioni wakati Violeth, bibi harusi mwenyewe, alipoingia, amelowa mvua, flashi mkononi. Aliona kioo kinang'aa, akapiga vigelegele.

"Mama, imepona! Haya, niwekee baba nimsikie."

Mama Violeth alitafuta namna ya kueleza habari za diski na vipini, akaikosa. Akamwambia mwanawe kwamba baba amekufa. Na Violeth, aliyemzika baba yake mwaka juzi, akakaa chini sakafuni akaanza kulia.