Chai Si Kula

"Mzee, niambie ukweli. Umekula?"

"Haki ya Mungu, sijatia hata punje mdomoni."

Nangila, msichana wa maabara, aliinua kichupa kilichotoka kwenye mashine ya kuzungusha damu. Chini damu ilikuwa imetulia, nzito. Juu, panapotakiwa maji ya rangi ya dhahabu, palikuwa na weupe, kama kioo cha dirisha chenye ukungu asubuhi ya baridi Timboroa.

"Na chai?"

Muchiri alishangaa kabisa. "Daktari, chai nayo ni kula? Nilikunywa vikombe vitatu tu, vya kutoa baridi."

"Ya maziwa?"

"Sasa ya maji nitampa nani?"

Nangila alicheka mpaka akashika meza. Lakini jamani, nani wa kumlaumu Muchiri? Kwao Timboroa mtu hunywa chai ya maziwa matupu, akajipangusa mdomo, akasema ana njaa. Aliambiwa asile, naye hakula.

"Hii mashine hupima kwa mwanga," Nangila akamwambia. "Damu ikiwa na ukungu hivi, itanidanganya. Rudi kesho. Ukishakula chakula cha jioni, baada ya hapo ni maji peke yake."

Kesho! Muchiri aliona siku moja kuwa ndefu. Kaka yake Wahome alianguka akafa katikati ya matuta ya viazi akiwa na miaka hamsini na mmoja, jembe mkononi. Simeon, kaka yake mwingine, akamfuata, umri uleule. Wote wawili walikuwa wamepimwa kolesteroli wakaambiwa iko sawa, nendeni mkalime. Ya Muchiri pia ilikuwa sawa, na mwezi wa kumi na moja angetimiza miaka hamsini na mmoja. Ndiyo maana daktari wa kliniki alimtuma kwa kipimo hiki kingine. Hakumwambia mkewe, Eddah, lakini aliogopa, aliogopa hata kuinua jembe.

"Kama iko sawa," aliuliza, "unatafuta nini tena?"

"Mzee, unalima nini?"

"Viazi."

"Haya. Magunia mawili, kilo zilezile. Moja lina viazi vikubwa, lingine vidogo vidogo. Mizani itakuambia tofauti?"

"Mizani itajuaje?"

"Basi kolesteroli hutembea kwa damu ikiwa imebebwa ndani ya chembe. Kile kipimo cha kwanza ni mizani. Mimi nahesabu viazi. Chembe zikiwa nyingi, ndizo hujipenyeza kwa mishipa zikaganda huko."

Maneno hayo yalimfuata mpaka mtaa wa Pioneer, hapo mjini, alikokwenda kulala kwa bintiye Ciru.

Asubuhi sufuria ilikuwa jikoni tayari, maziwa yakipanda. Ciru aliisimamia huku machozi yakimlengalenga. Nani amewahi kuona baba akitoka kwa binti yake bila chai?

"Baba, watu watasema nini?"

"Waambie viazi vimenikataza."

Ciru hakucheka. Aliijaza chai kwenye thamosi, akaifunga kwa leso, akapanda boda pamoja naye.

Safari hii maji ya damu yalitoka safi, ya dhahabu, mtu angeweza kusomea gazeti kupitia humo. Nangila aliyatia kwenye mashine. Muchiri akakaa kwenye benchi, tumbo tupu, kichwa chepesi, na mngurumo wa mashine ukamchukua polepole. Akawa shambani. Ukungu ulikuwa umelala juu ya matuta, na Wahome na Simeon walikuwa wameinama wakichimba. Viazi vilitoka vidogo vidogo, vya mviringo, vya dhahabu, vikijaza vikapu na kumwagika. Hawakuwa na huzuni yoyote. Waliokota tu, na kila mara Wahome aliinua uso akauliza, "Ni ngapi, Muchiri? Umefika ngapi?" Naye alikuwa amepoteza hesabu.

"Mzee."

Nangila alikuwa amesimama mbele yake na karatasi.

"Ni nyingi," alisema. "Zimepita sana kiwango."

Nangila akaketi karibu naye. "Lakini tumeziona, Mzee. Za kaka zako hakuna aliyeziona. Dawa iko. Mpelekee daktari hii karatasi leo hii, usiende nayo Timboroa."

Muchiri alilia pale pale kwenye benchi, mtu mzima, bila haya. Aliwalilia wale wawili waliopimwa kwa mizani, wala hakuna aliyewahesabia. Ciru alimshika bega, akafungua thamosi, akammiminia kikombe. Harufu ya chai ikajaa chumba kizima.

Nangila alimwangalia msichana huyo. Alikuwa na uso wa baba yake, na mabega yake.

"Hii kitu hutembea kwa familia," alisema taratibu. "Na wewe, dada, umekunywa chai leo?"

"Ningekunywaje, na Baba hajanywa?"

Kisha Ciru akaanza kupandisha mkono wa sweta yake.

Muchiri alikuwa ameshafikisha kikombe mdomoni. Akakishusha, akakiweka kwenye benchi, akakifunika na kifuniko cha thamosi, akangoja.