Leseni ya Rula

Mtaani pale walimwita Rula, hata wale ambao hawakuwahi kumwona akichora. Alikuwa mchora ramani za nyumba, na kupima kulikuwa kumemwingia damuni. Ukimkaribisha kwako, alikuwa akiupima mlango wako kwa jicho, anakuambia umepinda, ndipo anauliza hali ya watoto. Mkewe alikuwa amefundisha hesabu hadi kustaafu, na kila mtu alimwita Mwalimu. Zamani alipenda kusema kwamba aliolewa baada ya vipimo vyake kukubalika. Utani huo alikuwa ameuacha, maana mtu pekee aliyekuwa akiucheka hakujua tena unamhusu nani.

Ugonjwa wa kusahau ulimwingia Rula kwa kunyatia. Ulianza na funguo, ukaja kwenye majina ya majirani, kisha njia ya kurudi nyumbani. Kalamu zake zikakauka. Kompyuta aliyoichorea miaka yote ikabaki kwenye meza ya sebuleni, imefunikwa kitambaa, na yeye akawa anaipita kama anavyolipita kabati.

Mwalimu ndiye aliyekata shauri kwamba iende kwa binti wa marehemu mdogo wake Rula. Binti huyo walimlea wao wenyewe tangu alipofiwa na babake, na sasa alikuwa amehitimu uchoraji wa ramani, amepata kazi za kufanyia nyumbani, ila chombo hana. Mwalimu alitaka apewe mapema, baba yake mkubwa angali hai, si ije kugawanywa siku ya matanga.

Fundi kompyuta akaitwa. Akahamisha michoro yote ya Rula, akatoa diski iliyochoka, akaweka mpya, akapachika upya mfumo endeshi, yaani ile programu inayoiwasha na kuiendesha mashine nzima. Mashine ikadai namba ya leseni. Hapo Mwalimu hakuhangaika: Rula alikuwa ameiweka ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na cheti chake, juu yake kaandika LESENI kwa zile herufi zake zilizonyooka kama matofali. Namba ikakubaliwa. Lakini binti alipojaza jina lake, palepale kioo kikaonyesha maandishi kwamba leseni hiyo imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na kwamba ni lazima mwenyewe aiachie kwanza.

Fundi alikuna kichwa, akasema yeye angeweza kuweka ya kuchakachua na kabla ya saa sita wangekuwa wamemaliza. Mwalimu akakataa katakata. Rula aliwahi kurudisha kazi ya mteja mkubwa kwa sababu alitakiwa atumie programu ya wizi, na Mwalimu hakuwa tayari kuiingiza mlango uleule ambao mumewe aliifukuzia.

Basi wakaipigia simu kampuni iliyotoa leseni, yule binti akaweka spika. Aliyepokea alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole. Alisema jambo ni dogo tu: mwenye leseni ataje jina lake, kisha aseme kwa kinywa chake kwamba anaitoa. Mwalimu akamshika mumewe mkono, akamleta mezani.

"Mzee, wewe ndiye mwenye leseni hii?" aliuliza yule wa kwenye simu.

Rula aliitazama kompyuta, akawatazama wanawake wawili waliokuwa wakimngojea ajibu.

"Hapana, binti yangu," alisema. "Hii ni ya Rula. Ametoka kidogo. Hata mimi namsubiri."

Binti aligeukia ukutani. Mwalimu alijikaza kisabuni, akaeleza ugonjwa ulivyo. Yule mwanamke alitoa pole, akaeleza njia zilizobaki. Wangeweza kwenda mahakamani, Mwalimu athibitishwe kuwa msimamizi wa mumewe, na huko kulikuwa na safari ya miezi. Au, na hapa sauti ilishuka, kama mwenye leseni angekuwa amefariki, tamko la mke lingetosha.

"Hajafariki," Mwalimu alisema. "Yupo hapa. Amesimama, ameshika kiti."

Wiki ikapita. Asubuhi moja binti alikuwa ametandaza mchoro wake wa kwanza mezani, Rula akatoka kuoga, akasimama nyuma yake. Akainama. Akaweka kidole juu ya karatasi.

"Mlango huu ukifunguliwa utagonga kitanda," alisema. "Ugeuze, Kifutio."

Kifutio ni jina alilompa binti huyo utotoni, alipokuwa akifuta michoro ya watu. Lilikuwa halijasikika nyumba ile kwa zaidi ya mwaka. Mwalimu aliiacha chai ikifurika jikoni, akakimbilia simu. Kampuni haikupokea. Ulipigwa muziki, kisha sauti ya mashine ikawaomba wasubiri, kisha muziki tena. Mwalimu aliushika mkono wa mumewe kwa mikono yake miwili, akamuuliza kama kompyuta anampa Kifutio. Rula akamshangaa.

"Si ni yake? Yake, na leseni yake."

"Basi utayasema hayohayo kwa mtu wa simu. Sasa hivi anapokea."

Muziki ukaendelea. Walisubiri dakika kumi na mbili, Mwalimu akiongea mfululizo, akimtajia nyumba alizochora moja baada ya nyingine ili asiondoke. Aliondoka. Mwalimu aliyaona macho yake yakihama taratibu kutoka kwenye karatasi hadi mlangoni, na mkono ukijichomoa kwa adabu katikati ya mikono yake. Akauliza wenye nyumba hii ni akina nani, na yeye atarudishwa kwao saa ngapi.

Simu ikapokewa. Mara hii alikuwa mwanamume, naye akauliza kama anayeongea ndiye mwenye leseni. Mwalimu alimfanyia binti ishara amtoe baba yake mkubwa nje akaote jua, akabaki peke yake na lile swali. Dirishani aliwaona, Rula ameketi kwenye ngazi, binti akimfunga vifungo vya sweta.

"Mwenye leseni amefariki," alisema Mwalimu. "Mimi ni mke wake."

Mwanamume akauliza amefariki tarehe ngapi. Hilo Mwalimu hakulitegemea. Akataja tarehe tisa ya mwezi wa tatu, mwaka uliopita. Asubuhi ya siku hiyo alimfungulia mumewe pazia, naye akaketi kitandani, akamtazama vizuri, akamwambia, "Shikamoo, mama."

Leseni ilihamishwa siku ya tatu. Ujumbe uliingia kwenye kompyuta binti akiwa bafuni, ukafunguka wenyewe kiooni. Kusoma Rula alikuwa hajakusahau. Alisogea, akausoma kwa sauti, neno kwa neno, kama alivyozoea kuwasomea wateja vipimo: kwa familia ya marehemu, tumepokea taarifa ya msiba kwa masikitiko, leseni sasa ni ya fulani. Mwalimu alikuwa akikunja nguo kwenye kochi. Alichelewa kumzuia.

Rula alipomaliza alimgeukia.

"Pole sana, mama. Marehemu alikuwa nani wako?"

"Mume wangu."

"Mlikaa naye sana?"

"Miaka thelathini na minane."

Rula akatikisa kichwa. Alivuta kiti, akakiweka karibu na kochi, akakaa kama watu wanavyokaa na mfiwa, mikono magotini. Mwalimu, ambaye tangu ugonjwa ule uanze hakuwa ametoa chozi mbele ya mtu, aliufunika uso kwa shati alilokuwa akilikunja, la Rula mwenyewe, akalia. Rula alimpigapiga mgongoni kidogo, kwa heshima, kama mtu anayechelea kuvuka mpaka. Baadaye akauliza marehemu alikuwa akifanya kazi gani.

"Alikuwa anachora nyumba."

"Kazi nzuri hiyo," alisema Rula, na akaendelea kukaa naye.