Sauti ya Msasa

Asikudanganye mtu kwamba kelele kwenye muziki zimeanza juzi. Miaka ile ya Azimio la Arusha, vijana walipokuwa wanakimbizwa mitaani kwa sababu ya suruali za pekosi, zile pana miguuni, Keko ilikuwa na Romani. Wenzake waliimba kwa sauti za kubembeleza, mapenzi kidogo, siasa kidogo, watu wakacheza wakaenda makwao. Romani yeye alinguruma. Alianzia chini tumboni, akaikwaruza sauti kooni, akaitupa juu mpaka akina mama wa Mtoni wakaita watoto wao ndani. Watu walisema kameza msasa. Bendi yao iliitwa Chuma Chakavu, na magitaa yake ya umeme yalilia kama bati linalokatwa kwa msumeno. Ukiyazoea, huachi. Usipoyazoea, pole yako.

Sasa baba yake, Mzee Albano, alikuwa fundi seremala, Mngoni aliyekuja mjini na randa yake begani, na juu ya hapo alikuwa balozi wa nyumba kumi. Ndiye aliyewahimiza watu wavae kwa heshima na watoto wao wasiwe wahuni. Utaona mwenyewe balaa lilipokuwa. Siku moja kwenye mkutano wa nyumba zake kumi, jirani mmoja alimuuliza kwa kejeli kama na yule wake naye ni mjenga taifa. Watu wakacheka. Mzee akapandwa na hasira, akamgeukia Romani aliyekuwa amesimama nyuma na nywele zake kama kichaka.

"Chagua hapa hapa," akasema. "Uache kubweka, au uache kuniita baba."

Romani akakusanya nguo zake, akahamia Mtoni kwa mpiga gitaa wake.

Huko akatunga wimbo kuhusu mlango. Mlango wenyewe ni wa kwao, waliouranda pamoja yeye na baba yake alipokuwa mdogo: *Mlango nimeuranda mie, leo umenifungia. Nifungulie, baba!* Na hapo kwenye "baba" ndipo alipokuwa anaachia ngurumo yake yote. Basi wimbo ule ukawa ndio wimbo. Kila Jumapili, kwenye bugi, lile dansi la mchana ukumbini Temeke, vijana waliudai mpaka jasho likawaisha.

Lakini kila alipouimba, Romani alikuwa anautazama mlango wa ukumbi. Alijiambia kwamba leo mzee ataingia, na kofia yake, na penseli yake sikioni, asimame hata kidogo tu. Hakuingia. Wiki zikawa miezi, miezi ikapindukia mwaka, na kijana akaanza kuchoka. Umaarufu gani huu, wa kujulikana na Temeke nzima isipokuwa nyumbani kwenu?

Ndipo akaja Gozbert, kiongozi wa bendi ya kiwanda kimoja cha nguo. "Sauti unayo, braza," akamwambia. "Ila huko kukoroma utakuacha nje. Utanyoa, utavaa sare, utaimba vizuri kama watu." Romani akakubali. Si kwa ajili ya sare, la. Alipiga hesabu moja tu: Jumapili ataenda Keko, kichwa kimenyolewa, atasema, "Shikamoo baba, nimeacha," na mlango utafunguka.

Jumamosi asubuhi wakaja kumwambia mzee kaanguka kwenye meza yake ya kazi, na hakuamka tena.

Eh, dunia hii!

Msibani Romani hakulia. Alikaa karibu na jeneza, lililotengenezwa na mafundi wenzake mzee kwa mbao nzuri kuliko walizowahi kuwauzia wateja, macho makavu, kichwa kimenyolewa tayari. Moyoni aliapa: sitanguruma tena. Kama hukunisikia ulipokuwa hai, baba, basi nakutii ukiwa umelala.

Watu walikuwa wanajiandaa kulinyanyua jeneza ndipo Felicitas alipoingia. Felicitas alikuwa Mhehe, mkaanga vitumbua mbele ya karakana ya mzee, na mtani wake wa kufa na kuzikana. Mzee hakuwahi kumpita bila kuwapigia kelele majirani wafiche mbwa wao, Mhehe ana njaa. Sasa siku ile, kama ilivyo haki ya watani msibani, kavaa kofia ya marehemu, kavaa aproni yake, penseli sikioni. Akatembea kwa kukokota mguu vilevile alivyokuwa akitembea mzee. Waombolezaji wakaanza kucheka na machozi yao.

"Mngoni huyu haendi popote!" akafoka, akakaa juu ya jeneza. "Mwongo mkubwa! Ngojeni niwaonyeshe."

Akashika randa ya hewani. Akaranda. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Akajifanya kasikia msumeno wa jirani umewashwa, kelele za kumfichia sauti, akainama na kuanza kuimba kwa sauti nzito ya kizee: *Mlango nimeuranda mie, leo umenifungia...*

Romani akanyanyua kichwa.

"Kila Jumapili!" Felicitas akasema. "Eti, 'Nisindikize Temeke, nikakague uhuni.' Tunasimama nyuma ya ukumbi, dirishani, penye majani. Anakagua kwa mguu!" Akapiga mguu chini kwa mdundo, watu wakaangua kicheko. "Nikamwambia, ingia ndani basi, mzee mzima unachungulia kama mwizi wa kuku. Akaniambia, 'Nilisema mbele za watu, Felicitas. Maneno yale nitayarudisha vipi?'"

Kicheko kikakatika. Felicitas akamtazama Romani, na sasa hakuwa anaigiza tena.

"Haya. Leo nayarudisha mie, mbele za watu hao hao."

Akashika tena randa yake ya hewani. *Nifungulie...* akaimba, kisha akakohoa, akajishika koo.

"Hapa palimshinda. Kila siku anajaribu, kila siku anakohoa. Akasema, 'Mbwa we, hapa pana ufundi. Hapa anapaweza Romani peke yake.'"

Uwanja mzima ukamgeukia Romani. Hata Gozbert, aliyekuja kuzika, alikuwa anamtazama. Romani akasimama. Kifua kilikuwa kimemjaa uchungu na furaha ya ajabu, vyote kwa pamoja, na hakujua atoe kipi kwanza. Akafumbua mdomo.

*Baba!*

Ikatoka ile ile, ya chini tumboni, ya msasa, ikapanda juu ya mabati ya Keko, ndefu, mpaka pumzi ikamwisha na ngurumo ikageuka kilio. Akalia kama hajawahi kulia. Hakuna mama aliyemwita mtoto wake ndani.

Felicitas akateremka kwenye jeneza. Akavua ile kofia, akamvisha Romani kwenye kichwa chake cha kunyolewa, akaikandamiza vizuri.

"Haya," akasema. "Sasa mchukueni mzee. Kashaingia ndani."